Safari ya Kuvua Samaki katika Mto Athi

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za samaki aitwaye salmoni. Huyu ni samaki wa nchi za baridi, kama vile Scotland, Norwei na Kanada. Huzaliwa mtoni, hushuka kwenda kukulia baharini, kisha huupanda tena mto ili atage mayai. Majira ya kuchipua yafikapo, watu hutoka miji ya mbali na kulipa fedha nyingi ili waongozwe na wenyeji wa mito hiyo, wanaojua kila kina cha maji na kila jiwe. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nyumbani kwangu Wote, nilijiuliza: Je, sisi watu wa Makueni na Kitui, ambao mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, tuna kitu gani cha kumwonyesha mgeni mwenye ndoana?

Ndugu wa salmoni, yaani trauti, yuko Kenya tangu mwaka 1905, wakati mayai yake yalipoletwa kutoka Scotland na Bwana Ewart Grogan na kutiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Maji ya Gura huishia katika Mto Tana, nao Tana hupita mpakani mwa Kitui upande wa kaskazini. Lakini trauti hapendi joto, naye hukaa huko huko juu penye baridi. Atakaye kuvua kwetu hana budi kuwafuata samaki wa kwetu.

Basi nilifunga safari kwenda Kibwezi. Mji huu una historia yake, kwani ni hapo wamisionari wa Kiskoti walipojenga kituo chao mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Maji yake ni ya ajabu pia. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe meusi ya volkeno, isionekane tena mpaka itokeze chini kuwa chemchemi safi. Kutoka Kibwezi nilishika barabara iendayo Ikutha, Mutomo na Kitui, nikashuka karibu na daraja la Athi. Hapo mto ndio mpaka: ng'ambo hii ni Makueni, na ng'ambo ile ni Kitui. Ukitazama mbele waona uwanda wa Yatta, umelala kama ukuta mrefu. Nao ni mmojawapo wa mikondo mirefu kabisa ya lava iliyoganda duniani.

Kiongozi wangu alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa ukingo ule, ambaye wageni humlipa awapeleke mtoni. Kabla ya kunipa ufito alinionyesha mstari mpana uliochorwa matopeni.

“Mwanangu, waona nini?” akaniuliza.

“Naona mahali palipoburutwa gogo, Mzee.”

“Gogo hilo lina meno. Mamba ameteremka hapa alfajiri ya leo. Basi tutakwenda mbele, na popote utakaposimama, acha hatua tano kati yako na maji. Samaki akikwama, usimfuate. Afadhali kupoteza ndoana kuliko mguu.”

Tulipopata mahali pa mwamba, palipo wazi, alifunga mshipi, akatia chubwi ya risasi na chelezo cha kipande cha bua, kisha akachoma nyungunyungu katika ndoana. Alinifundisha kutupa pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, kwa kuwa ndipo samaki wangojeapo chakula kinacholetwa na mkondo. Kwa muda wa saa mbili sikupata ila kuchomwa na jua. Hatimaye chelezo kilizama, nikavuta kambare wa kutosha chakula cha jioni, na baada yake perege wawili wadogo.

Jua lilipokuwa likielekea kuchwa, ufito ulipinda sana. Tulivuta sote wawili, tukamtoa samaki mrefu kama nyoka, mnene, mwenye ngozi ya utelezi. Alikuwa mkunga. Nilifurahi mno, nikaanza kuhesabu vipande vyake kabla hajafika chunguni. Lakini mzee alilowesha mikono yake, akamfungua ndoana polepole, akamrudisha majini. Nakiri kwamba nilikasirika, kwani nilikuwa nimekwisha kulipa.

“Usinune,” akasema. “Huyu bado ana safari ya kwenda baharini.”

Ndipo akanieleza, na maneno yake ni kweli tupu. Mkunga ni kinyume cha salmoni. Huyu huzaliwa katika bahari kuu, Bahari ya Hindi, hali akiwa mdogo na mwangavu kama kioo. Mikondo humleta hadi pwani, akaingia mtoni. Athi baada ya kukutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki, ambako humwagika kaskazini ya Malindi. Mkunga huupanda mto huo wote, akakaa bara miaka mingi akinenepa. Siku yake ifikapo hushuka tena mpaka baharini, hutaga mara moja tu, kisha hufa. Kwa hiyo mkunga mkubwa auawaye mtoni ni mama ambaye hajazaa bado.

“Zamani,” akasema mzee, “tulimkuta katika kila shimo la maji. Siku hizi yapita miezi nisimwone.”

Nilimwuliza sababu. Akaonyesha kwa kidevu upande mto unakotoka. Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, nayo hubeba uchafu wa jiji na viwanda vyake. Ng'ombe wetu hunywa maji hayo, na mashamba yetu ya mboga humwagiliwa kwayo. Jambo jingine ni bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali Mto Thwake unapoingia Athi, juu ya pale tulipokuwa. Ukuta wake umekusudiwa kupita kimo cha mita 80. Hapana mtu wa Ukambani aliyepata kuchimba mchanga kutafuta maji ambaye atalichukia bwawa. Hata samaki wake ni mali: huko Masinga, bwawa lililokamilika katika Mto Tana mwaka 1981, watu huvua perege na kambare wakauza. Lakini mkunga atokaye baharini ataupandaje ukuta wa namna hiyo? Katika nchi nyingine wamemjengea njia yake ndogo yenye unyevu kando ya ukuta, naye hupanda. Yafaa jambo hili liulizwe na sisi tukaao kando ya mto, kwa maana samaki hana baraza la kupeleka mashtaka yake.

Kwa mkulima aliye karibu na Athi, kazi ya kuongoza wavuvi si ya kudharauliwa. Mzee yule aliniambia kwamba samaki aliyeuzwa huuzwa mara moja, bali mgeni aliyefurahi hurudi na rafiki zake. Atakaye kuianza na aulize kwanza ruhusa katika ofisi ya uvuvi, ajue mahali pa mamba na viboko, na amkanye mgeni asikae mtoni baada ya jua kuchwa.

Nilirudi Wote na kambare wangu mmoja na perege wawili. Watoto waliniuliza mbona samaki ni wachache hivi. Nikawaeleza habari za yule aliyebaki mtoni, nao wakanishika kwa maswali hata chakula kikapoa. Mdogo wao alitaka kujua kama amekwisha kufika Malindi. Nilimjibu kwamba mvua za vuli zikija na mto ukafurika, huenda akaondoka.