Kabla Hujanunua Nguvu

Cheni ikiwa butu, lawama huiangukia injini. Mwenye chensoo ataikandamiza kwa uzito wake wote, mti utafuka moshi, baa itapata joto hadi rangi igeuke, na jioni atatangaza kwamba mashine imechoka, sasa anatafuta kubwa. Huku kwetu Mufindi, ambako msindano ndio shamba na ndio akiba ya ada za watoto, maneno hayo husikika kila msimu wa kuvuna.

Mimi pia nilikuwa natafuta kubwa. Niliyokuwa nayo ilikuwa Stihl MS 180, injini ya cc 31.8, mashine ya kukatia kuni na kupogolea matawi, nami nilikuwa naiangushia miti ya mbao. Fedha nilizotenga hazikuwa nyingi, na kila nilipozitazama niliona kitu kingine ambacho zingeweza kufanya. Fundi niliyemwendea Mafinga hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza, "Mzee, ukikata, yanatoka maranda au unatoka unga?"

Unga, nilimjibu. Basi akafungua mtoto wa meza akatoa tupa ya mviringo na tupa bapa. Cheni yenye makali hung'oa vipande. Cheni butu husaga. Na kunoa kwenyewe kuna sehemu ambayo wengi huiruka: mbele ya kila jino la kukata kuna kinundu kinachopima jino lizame kiasi gani. Ukinoa mara nyingi, jino hushuka, kinundu hubaki pale pale, na hatimaye cheni huteleza juu ya mti hata kama meno yanakata karatasi. Kinundu hicho lazima nacho kishushwe, kidogo sana, kwa kipimo. Kikishushwa mno, mashine huanza kukushtua mikononi, na baa kukurukia usoni si jambo la mzaha: cheni hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde.

Umbo la jino hilo lina asili inayonifurahisha kuliko injini zote. Mwaka 1946, huko Oregon nchini Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox alimtazama buu anayetafuna mbao akaona jinsi anavyokula: taya moja kushoto, jingine kulia, bila kujali nyuzi za mti zimelala upande gani. Akatengeneza cheni yenye meno yanayopokezana kwa mtindo huo, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni. Buu yule hana injini, lakini gogo analimaliza.

Hata hivyo tupa haigeuzi cc 31.8 kuwa 70. Baada ya kunolewa, mashine yangu ilikata vizuri na bado ilikuwa ndogo. Ila sasa nilijua kilichopungua ni nini hasa, na kiasi gani. Naamini watu wengi huongeza nguvu maishani bila kufika hapo. Tunaomba cheo ilhali tatizo ni mpangilio wa asubuhi, tunakopa mtaji mkubwa ilhali duka linavuja kwenye daftari la madeni.

Sasa, ukubwa gani? Vijana wa kijijini walikuwa na jibu moja: 070. Mashine hiyo ya Stihl ina karibu cc 106 na kilowati 4.8, na inaheshimika kwa wapasuaji wanaochana magogo kuwa mbao palepale msituni. Inaheshimika kwa haki. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa, na nyingi zinazozunguka hazina breki ya cheni. Kuna pia zile za bei ya kutupa zenye rangi za Kizungu na namba kubwa ubavuni, 5200 au 5800. Namba ya ubavuni si cheti. Muuzaji akishindwa kukuonyesha anapouza plagi, kabureta na pistoni zake, anakuuzia msimu mmoja.

Nilikwenda shambani nikaitazama miti yangu kwa macho ya mnunuzi. Mingi ni misindano ambayo shina lake halifiki sentimita 40. Mpakani, upande wa mto, kuna mikaratusi michache mizee, minene, migumu. Ndoto yangu yote ya 070 ilikuwa imesimama kwenye ile mikaratusi. Ndivyo tulivyo. Tunajenga nyumba ya vyumba sita kwa ajili ya wageni wa Krismasi, kisha mwaka mzima tunafagia vyumba vitupu. Ile siku moja ngumu ndiyo inayopanga bajeti, na siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, zinalipa.

Maana nguvu hailipiwi dukani tu. Injini kubwa hunywa petroli zaidi, na kila lita lazima ichanganywe na oili yake: kwa oili nzuri ya tu-stroki, mililita 100 kwa lita 5. Ukikosea ukaweka pungufu, pistoni inakwaruzika. Kuna oili ya cheni, kuna cheni ndefu yenye bei ndefu, kuna mgongo. Mgongo hauna spea.

Nilichukua ya kati, MS 250, cc 45.4 na kilowati 2.3, yenye baa ya inchi 18. Mwenye baa hiyo anaweza kuangusha mti mnene kuliko urefu wa baa yenyewe, mradi anajua kukata kutoka pande zote mbili. Fedha iliyobaki ilinunua cheni ya pili, tupa, kofia yenye wavu wa uso, na suruali ya kujikinga na cheni. Suruali hiyo ndiyo iliyochekwa zaidi. Kijana mmoja aliniuliza kama naenda vitani. Nikampa aishike aone jinsi ilivyo nzito, akaacha kucheka akauliza bei.

Mikaratusi ya mpakani bado ipo. Shemeji yangu ana 070, ananitoza kwa kila mti anaouangusha, petroli juu yangu, na undugu haupunguzi hata shilingi. Mwaka huu nitamwita kwa miwili.