Saini ya Tabarly

Katika nyumba yetu kuko kitabu cha kifaransa, «Victoire en solitaire». Mbele kina saini: Éric Tabarly. Mwalimu mmoja Mufaransa aliachia marehemu baba yangu, wakati wa kurudia kwao.

Tabarly alikuwa ofisa wa jeshi la baharini la Ufaransa. Mwaka 1964 alivuka Atlantika peke yake na mashua ya tanga, toka Plymouth mpaka Newport, siku 27, akashinda wote. Mwaka 1976 alishinda tena, peke yake katika Pen Duick VI, mashua ya kuendeshwa na watu zaidi ya kumi. Juni 1998, usiku, alianguka baharini karibu na Wales, akafa.

Kijana wangu anasema: «Papa, tuuzishe. Minervali itatoka wapi?» Ni neno la kweli. Lakini saini ni alama ya mkono uliopita hapa. Muuzaji ataomba bei ya mkono wa Tabarly. Mkono wa baba, uliofunika kitabu hiki na karatasi ya simenti, nani ataulipa?

Nimemwambia akisome kwanza mpaka mwisho. Kisha tutaongea juu ya franga.