Kuku Hawasubiri Bei

Leo siandiki habari za baridi wala za viza. Naandika habari za kuku. Najua wengi wetu hapa tuna "mradi" nyumbani: mmoja ana bodaboda, mwingine shamba la mpunga, mwingine duka la dada yake. Wangu ulikuwa kuku wa nyama, na msimamizi wake ni mama yangu, mwalimu mstaafu, pale Kibaha.

Mimi ni mhandisi. Nina miaka thelathini, nasoma shahada ya uzamili hapa Sheffield, na kazi yangu ni hesabu za joto: linaingia kiasi gani, linatoka kiasi gani, linapotelea wapi. Sasa mtu wa namna hiyo akishindwa hesabu ya kuku, bwana, ni aibu. Naieleza aibu hiyo ili mwenzangu asiirudie.

Mama alisema, "Baba, tuanze na mia." Nikamwambia hapana, mia ni mchezo, weka 300 tuwahi Krismasi. Pesa zilikuwa zangu, akakubali. Vifaranga wa siku moja tulinunua kwa shilingi 1,800 kila mmoja, jumla 540,000. Mifuko 18 ya chakula ya kilo 50, kila mmoja 75,000, ikafika 1,350,000. Maranda ya kutandika, mkaa, umeme, dawa, usafiri na chanjo za mdondo na gumboro, 210,000. Kwa siku 35 tukawa tumetumia 2,100,000. Vifaranga 20 walikufa, wengi wiki ya kwanza, usiku ambao mkaa ulizimika. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 34 hivi, na usiku huo mama alikuwa amepitiwa na usingizi.

Wakabaki 280. Gawanya mwenyewe: kila kuku alikuwa ametugharimu 7,500. Angalieni hapo: waliokufa hawaondoki na gharama zao, wanawaachia walio hai wazibebe.

Siku ya 35 akaja mchuuzi kutoka Dar, anayepelekea wauza chipsi. Akasema anachukua wote kwa 8,000, pesa mkononi. Mama akanipigia simu. Nikajibu kama mtaalamu: "Mama, usiuze. Krismasi inakaribia, bei itapanda. Subiri 8,500." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Tulisubiri siku nane. Bei ilifika 8,500 kweli! Nilifurahi, nikawatangazia hata wenzangu wa hapa bwenini. Nilichosahau ni kwamba kuku wa umri ule hula karibu gramu 180 kwa siku. Mara 280, ni kama kilo 50. Yaani mfuko mzima, kila siku inayopambazuka, 75,000 inaingia kwenye vihori. Siku nane ni 600,000. Na ile nyongeza yangu ya shilingi 500 kwa kuku ilileta ngapi? 140,000 tu. Basi.

Kama angeuza siku ile ya kwanza, angebaki na faida ya 140,000. Kwa ushauri wangu tulipata hasara ya 320,000. Kuku walinenepa, ndiyo, lakini mchuuzi wetu hununua kwa kichwa, hana mzani. Unene ule tulimpa bure.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Ile mifuko nane sikuitumia pesa, maana mama hakuniomba. Alikopa laki nne kwenye kikoba chao, nyingine akatoa kwenye akiba yake. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Ulisema unanunua koti, mwanangu. Ningekuambiaje?" Koti hilo nilikuwa nimelivaa wakati tunaongea.

Deni la kikoba nimeshalilipa, kwa zamu za wikiendi. Halafu tukakaa kwenye simu, mimi na yeye, tukapanga upya. Safari hii yeye ndiye aliyeongoza, mimi nikawa karani. Alitaka mambo matatu. Kwanza, hanunui kifaranga hata mmoja kabla hajapatana na mnunuzi siku ya kuchukua. Pili, wawe 150, na pesa ya chakula cha siku zote, na ya siku tano za dharura, iwekwe pembeni kabla vifaranga hawajaingia bandani. Tatu, daftari. Kila jioni anaandika waliokufa, chakula kilicholiwa na pesa iliyotoka, halafu ananitumia picha kwa WhatsApp. Nagawanya gharama kwa kuku walio hai, namrudishia namba moja: kila kuku ametugharimu kiasi gani mpaka leo. Mchuuzi akija, mama anaijua sakafu yake, hahitaji kunipigia.

Mimi niliongeza moja tu: mshahara wake. Alicheka sana. "Mshahara wa kulisha kuku wangu mwenyewe?" Nikamwambia mama, anayeamka saa nane usiku kuangalia mkaa anafanya kazi, na kazi isiyoandikwa inatudanganya kuwa kuna faida. Tukaandika 100,000 kwa kila mzunguko. Mzunguko ule ulipoisha, baada ya kutoa kila kitu pamoja na mshahara, zilibaki 38,000. Ni ndogo, lakini ni za kweli.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga kutuma pesa za mradi mwezi huu, kabla hujatoa amri kutoka huku kwenye baridi, muulize aliye bandani: kila siku ya kusubiri inakula nini? Kisha umsikilize.

Namba ya mama ya wiki hii imeingia sasa hivi. Kuku 148, siku ya 19. Wawili tu wamekufa. Ameandika chini yake: "Umekula?"