Mgeni wa Mitini, Kibera na Kawangware

Ewe msomaji ukaaye Kibera au Kawangware, upitapo chini ya mgunga au mjakaranda kati ya Oktoba na Aprili, inua macho. Huenda ukaona kindege kisichotulia hata nukta moja, uzito wake yapata gramu 10 tu. Waingereza humwita Willow Warbler.

Wengi humdhania kuwa ni yule ndege wetu wa manjano mwenye duara jeupe jichoni, kama aliyevaa miwani. La, huyo ni mwenyeji, na hupenda kwenda kwa makundi. Mgeni hana miwani. Ana mstari hafifu juu ya jicho, mgongo wa kijani iliyochanganyika na kahawia, kifua cha manjano iliyopauka, na miguu ya maji ya kunde. Wengine, hasa watokao Siberia, wamepauka zaidi.

Hata Ulaya alichanganya watu. Mwaka 1768 kasisi Mwingereza Gilbert White alitambua kwa sauti kwamba ndege waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu. Basi nawe tega sikio: wimbo wake huanza juu, ukashuka taratibu, kisha ukafifia. Mwezi Machi, karibu na safari, ndipo huimba sana.

Na safari yenyewe! Husafiri usiku. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba waliwafuatia ndege wa aina hii kutoka mashariki ya mbali ya Urusi hadi Afrika Mashariki, njia ya kilomita 13,000 hivi. Watoto wasihangaike kutafuta kiota chake hapa. Hujenga huko kaskazini, tena chini majanini.

Lakini hapa haji kupumzika tu. Hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, na mara moja ni huku kwetu, kabla ya kurudi. Mabawa yatakayomrudisha Urusi huota kwa nguvu ya vidukari na viwavi wa miti yetu. Jina Kibera lenyewe latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Lakini msitu huo sasa ni mabati, na Msitu wa Ngong Road ulio jirani, uliotengwa rasmi mwaka 1932, umepunguzwa sana. Ndiyo maana mgunga mmoja uliosazwa uani, kando ya kamba ya nguo, hutembelewa naye kutwa, tawi kwa tawi.