Mgeni na Maji ya Mwenyeji

Aingiaye katika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya kale ya Kijapani, huvua viatu kabla hajataja jina lake. Desturi hiyo aghalabu huelezwa kuwa ni suala la usafi tu. Hata hivyo, anayekaa humo kwa siku mbili akiwa na jicho la mhakiki hutambua kwamba viatu ni herufi ya kwanza ya sarufi nzima ya ugeni, sarufi inayowatawala mgeni na mwenyeji kwa pamoja.

Mwalimu mmoja wa fasihi alikutana na sarufi hiyo mwezi wa Novemba, katika nyumba ya vyumba sita iliyo ukingoni mwa Ziwa Biwa, mkoani Shiga. Biwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote nchini Japani, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 670, nalo lina nafasi adhimu katika fasihi ya nchi hiyo. Mapokeo husimulia kwamba Murasaki Shikibu aliianza Hadithi ya Genji katika hekalu la Ishiyama, karibu na mahali ambapo maji ya ziwa hutoka na kuwa mto. Mwalimu alikwenda na matarajio ya msomaji: ukimya, ukungu, mwezi juu ya maji. Alichokikuta kwanza ni masharti.

Mlangoni alivua viatu, akapewa ndara. Penye chumba alivua ndara nazo, kwa kuwa mikeka minene ya tatami haikanyagwi ila kwa soksi au miguu mitupu. Alipolivaa vazi la pamba liitwalo yukata, mhudumu, mama wa makamo, aliharakisha kumrekebisha kwa adabu, kwani upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Chakula kililetwa saa aliyoipanga mwenyeji, wala hapakuwa na orodha ya kuchagulia. Usiku huo mwalimu alijiona kama mwanafunzi wa bweni, akajiuliza ni ukarimu gani huu usiomwuliza mtu anachokitaka.

Jibu lilianzia bafuni. Anayeingia katika hodhi la maji moto la Kijapani haogi ndani yake. Huketi kwanza juu ya kigoda kando ya hodhi, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza hata povu lote liishe, ndipo aingie majini. Hata kitambaa chake hakigusi maji hayo. Sababu ni kwamba maji ni ya nyumba nzima, na wapo watakaoyatumia baadaye. Masharti yote yaliyomkera mwalimu yalikuwa na asili hiyo. Yalimkumbusha kwamba ametanguliwa na wageni na atafuatwa na wageni, na kwamba mwenyeji humlinda hata yule ambaye hajafika.

Dirisha la bafu lilielekea ziwani, na ziwa lenyewe lina historia ya namna hiyo. Mwaka 1977 maji ya Biwa yaligeuka rangi kwa wingi wa vijimea vidogo vilivyostawishwa na uchafu, ikiwamo fosfati iliyotokana na sabuni za unga. Wanawake wa Shiga walikuwa katika mstari wa mbele kuwahimiza watu waziache sabuni hizo, na mwaka 1979 mkoa ukapitisha sheria ya kupiga marufuku zile zenye fosfati, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1980. Kanuni ya hodhi ikawa kanuni ya ziwa.

Usiku wa pili aliandaliwa funazushi. Samaki aitwaye nigorobuna, ambaye kwao ni Biwa tu, hutiwa chumvi kwa miezi kadhaa, kisha hushindiliwa pamoja na wali na kuachwa achachuke kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Harufu yake ni kali, na mwalimu alisita. Mhudumu aliweka vipande vitatu vyembamba tu, akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemtaja jamaa mgonjwa, kwamba samaki huyu amekuwa adimu.

Uadimu huo una sababu zake. Matete ambamo nigorobuna huzaliana yalipungua kingo za ziwa zilipojengwa; fauka ya hayo, waliingia samaki wa kigeni wanaokula mayai na vifaranga vya wenyeji. Mmojawapo ni yule ambaye Wajapani humwita burugiru. Huyu alifika Japani kama zawadi: mwaka 1960 Mwanamfalme Akihito, alipozuru Marekani, alikabidhiwa samaki hao na Meya wa Chicago, nao wakafugwa kwa matumaini ya kuwa chakula. Mwaka 2007, akiwa Mfalme Mkuu, Akihito alieleza hadharani mkoani Shiga jinsi matokeo ya jambo hilo yalivyomuumiza moyo. Zawadi ilitolewa kwa nia njema na kupokewa kwa nia njema, ila burugiru aliingia majini pasipo kupita penye kigoda.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya pili aghalabu hufasiriwa kuwa ni njia ya kumfukuza mgeni kwa staha. Yaliyotokea Biwa yanaruhusu fasiri nyingine: jembe ni heshima, maadamu anayepewa huhesabiwa miongoni mwa wanaoitunza nyumba. Asiyepewa hubaki kuwa mlaji tu, na mwenyeji hawezi kupona kwa mlaji.

Matsuo Bashō, mshairi aliyezaliwa Iga na kuishi maisha ya msafiri, alifariki Osaka mwaka 1694. Hakuomba kurudishwa kwao. Aliusia azikwe Ōtsu, ukingoni mwa Biwa, katika hekalu la Gichuji ambamo alikuwa amefikia mara nyingi. Wenyeji walimpa ardhi yao, na kaburi lake lipo huko hadi leo.