Kituo cha Kumi

Kwaresima ya mwaka 2008 ilikuja mapema mno. Pasaka iliangukia tarehe 23 Machi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1913 na ambalo halitatokea tena hadi mwaka 2160. Kwa hivyo Jumatano ya Majivu ilitufikia tarehe 6 Februari, ilhali mtaa wetu mjini Nakuru ulikuwa haujaacha kunuka moshi. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa yametufikia mwishoni mwa Januari, yakakaa kwetu siku chache tu, lakini siku chache zilitosha.

Msomaji asiyekuwa Mkatoliki huenda asijue majivu yale hutoka wapi. Hutokana na matawi ya mitende yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, ambayo waumini huyachomeka nyuma ya msalaba sebuleni au juu ya kizingiti cha mlango, yakakauka hapo mwaka mzima. Kabla ya Kwaresima kuanza, katekista wetu alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba akiyakusanya kwa gunia ili yakachomwe parokiani. Mwaka huo alipita kama kawaida, akarudi gunia halijafika nusu. Nyumba nyingine hazikuwa na mtu wa kuitikia hodi. Nyingine hazikuwa na mlango wa kubishwa. Padre alipotupaka majivu kwenye paji la uso, sidhani kwamba yupo aliyehitaji kufafanuliwa ishara ile.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilikuwa na nyumba ishirini na moja. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuazimia kulijenga Kanisa la Afrika Mashariki juu ya jumuiya za namna hii, bila shaka walikusudia majirani wa aina yetu: watu wa makabila matano au sita waliotupwa pamoja na kodi ya nyumba, wanaozikana, wanaooana, na wanaokopeshana sukari. Lugha ya jumuiya ilikuwa Kiswahili, si kwa kuwa tulikienzi kama tunavyokienzi sisi wa chama hiki, bali kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ambayo ingewezekana. Baada ya Januari zilisalia nyumba kumi na mbili. Hata hao waliosalia hawakuwa wamoja tena. Rozari ya jioni, ambayo kabla ya hapo ilizunguka kutoka nyumba hii hadi ile, iligawanyika, kila kundi likaanza kusali kwa lugha yake huku mlango umefungwa. Tena nani angewalaumu? Katika vizuizi vya barabarani vijana walikuwa wakimtaka msafiri aseme lugha ya mama yake. Kiswahili hakikumwokoa mtu. Ni lafudhi iliyomhukumu.

Padre alitangaza kwamba Njia ya Msalaba itafanywa kila Ijumaa saa tisa alasiri, kwa Kiswahili, na kwamba Ijumaa Kuu tutaifanya barabarani kupitia mtaani mwetu. Aliyetaka kusali kwa lugha yake, alisema, chumba chake cha kulala kipo. Wengine walinung'unika, lakini wakaja.

Sina budi kutaja hapa jambo la nyumbani kwetu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miongoni mwa waliokimbia alikuwa jirani yetu mmoja, mjane, mshonaji wa nguo, ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Mama Cherehani. Sitataja kabila lake wala letu; msomaji Mkenya atajaribu kukisia, na akisha kukisia atadhani ameielewa hadithi. Usiku alipopakiwa kwenye lori kupelekwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, walikokusanyika wakimbizi wengi, aliondoka na wanawe wawili na kapu moja. Nyumba yake ilianza kuporwa kabla ya lori kufika barabara kuu. Mama yangu alipita penye uwazi wa ua, mimi nikimfuata, tukaibeba cherehani yake ya miguu hadi kwetu. Naapa kwamba usiku ule nia yetu ilikuwa njema. Tuliiokoa.

Baba alikuwa na kibanda sokoni, nacho kilikuwa kimeteketea. Shule zilipofunguliwa, wazazi walitafuta mtu wa kushona na kurekebisha sare, na fundi wao hakuwapo. Mama alijua kushona kidogo. Wiki ya kwanza ya Kwaresima alipunguza sketi moja. Wiki ya pili alikuwa na daftari la wateja, na mwandishi wa daftari hilo nilikuwa mimi, kwani nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na nilikuwa nikikaa tu nyumbani.

Tulifunga vizuri sana mwaka huo. Kanisa linadai mfungo siku mbili tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kujinyima nyama kila Ijumaa. Sisi tuliongeza Jumatano zote, na chai tuliinywa bila sukari siku zote arobaini. Sarafu za sukari tulizitia kwenye bahasha ya Kampeni ya Kwaresima. Pesa za sare tulizitia kwenye mkebe juu ya kabati. Bahasha na mkebe vilikaa kwenye kabati moja, na sikumbuki kwamba yeyote kati yetu aliwahi kuvitazama vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tarehe 28 Februari, Kibaki na Raila walitia saini mkataba wa kugawana mamlaka mbele ya Kofi Annan, katika ngazi za Harambee House. Siku chache baadaye simu ililia. Alikuwa Mama Cherehani. Alikuwa amepelekwa upande wa kwao, kwa jamaa waliomwita mgeni, maana alikuwa amezaliwa Nakuru na kuolewa Nakuru. Alitujulia hali mmoja mmoja kwa majina. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye tayari amejiandaa kwa jibu baya, kama nilikuwa na habari yoyote ya cherehani yake.

Chumba cha pili mama alikuwa akishona. Niliusukuma mlango kwa mguu ili mlio usisikike.

"Vitu vingi vilichukuliwa, mama," nikamwambia.

Akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atajalia." Salio lake likaisha.

Wanakiswahili wenzangu, itazameni sentensi ile. Kisarufi haina dosari. Kwa maana yake ya juu haina hata uongo, kwa sababu vitu vingi vilichukuliwa kwa hakika. Kauli ya kutendwa ina neema hiyo: humwondoa mtenda jukwaani bila kuacha alama ya miguu yake. Miezi ile taifa zima lilikuwa likizungumza nami katika kauli hiyo. Redioni tulisikia kwamba watu waliuawa, nyumba ziliteketezwa, mali iliporwa. Tume ya Waki ilipotoa ripoti yake baadaye mwaka huo, ilihesabu waliokufa 1,133. Waliouawa walikuwa na idadi. Waliowaua walibaki kwenye kiambishi.

Nisingelifikiri hayo kwa akili yangu mwenyewe. Nilifunzwa Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 18 Machi, siku ile ile Bunge lilipopitisha sheria ya mkataba wa maridhiano. Foleni ya kuungama ilikuwa ndefu hadi nje ya kanisa, nami nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilipopiga magoti nikataja madogo kwanza, kama tufanyavyo wote, halafu nikasema, "Tena kuna jirani mmoja aliyedanganywa."

Padre alinyamaza kidogo. "Na nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwalimu anayesahihisha insha. Nilijibu, ingawa ilinichukua muda. Malipizi aliyonipa hayakuwa sala. Alinitaka nirudie sentensi yangu kwa aliyestahili kuisikia, na nimtaje mtenda.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuniangalia. Aliniambia tu, "Na wewe utakula nini Pasaka?" Nilikasirika wakati ule. Sikasiriki tena, kwa maana lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu lake.

Njia ya Msalaba ina vituo kumi na vinne, idadi iliyothibitishwa na Papa Klementi wa XII mwaka 1731, ingawa Wafransisko na mahujaji wa Yerusalemu walikuwa wakiifuata kwa namna mbalimbali kabla ya hapo. Nilikuwa nimeisali tangu utotoni bila kuyasikiliza majina ya vituo. Juma lile niliyasikiliza. Katika kijitabu tulichotumia, Yesu anahukumiwa, anavuliwa nguo, anasulubiwa, anashushwa, anazikwa. Anayehukumu, anayevua na anayepigilia misumari hawatajwi kwenye vichwa vya vituo. Lakini kituo cha sita kina jina la Veronika, na anapangusa yeye mwenyewe, kwa kauli ya kutenda. Simoni wa Kirene naye anatajwa, pamoja na mji wake. Sijui kama mpangaji wa vituo alikusudia hivyo. Huenda nimesoma sarufi mahali ambapo hapakuwa na sarufi, nao ni ugonjwa wa idara yetu.

Vituo vya Ijumaa Kuu viligawiwa nyumba zilizosalia, na nyumba zilipopungua, vingine vikawekwa kwenye malango ya waliokimbia. Kwetu kiliangukia cha kumi. Kila nyumba ilitakiwa kuweka langoni meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, na mmoja wa wenyeji asome tafakari. Mama alisema nitasoma mimi.

Asubuhi ya tarehe 21 Machi alituamuru, mimi na kaka yangu, tuitoe cherehani nje. Nilidhani amesahau kwamba tuna meza. Tuliiweka langoni, yeye akatandika kitambaa upande wa mbao tu, akaweka msalaba na mshumaa hapo, na kichwa cha cherehani akakiacha wazi, cheusi, na maandishi yake ya dhahabu yaliyofifia mahali ambapo kiganja cha mwenyewe kilikuwa kikipumzika miaka yote. Baba alitoka, akatazama, akarudi ndani, akatoka tena amevaa koti.

Maandamano yalifika kutoka kituo cha tisa saa tisa na nusu hivi, jua likiwa kali. Karibu wote waliopiga magoti mavumbini pale walikuwa wamepimwa nguo na mwenye cherehani ile. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Nilisoma kichwa: Yesu anavuliwa nguo. Nilisoma tafakari yote kijitabuni bila kuinua macho. Baada ya tafakari huwa kuna kimya kifupi, kila mtu akisali moyoni. Ndani ya kimya hicho mama alisema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anazungumza na mteja, "Cherehani hii si yangu. Ni ya jirani yetu. Nimeishonea wiki sita, na pesa nimezila."

Nilitarajia kwamba wengine wangefuata. Nilijua godoro lilikuwa kwa nani, na nilijua baiskeli ilikuwa kwa nani. Kimya kikaendelea mpaka kikawa kizito. Mtu mmoja alikohoa. Katekista akaanzisha wimbo, tukainuka, tukajipangusa magoti, tukaelekea kituo cha kumi na moja, ambacho kilikuwa kwenye lango la nyumba isiyo na paa.

Jumamosi, kabla ya Mkesha, nilinunua salio nikampigia Mama Cherehani. Nilisema sentensi niliyotumwa kusema: "Mama, cherehani yako tunayo sisi. Siku ile nilikudanganya mimi." Nilisikia kuku kwa mbali upande wake, na mtoto akiitwa. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Na bobini?" akauliza. "Droo ya bobini iko?"

Nikamwambia iko.

"Zilikuwa sita," akasema.

Hakusema kwamba ametusamehe, wala sikuthubutu kuuliza. Alipozungumza na mama baadaye, walizungumzia nauli ya mzigo na jinsi ya kufunga kichwa cha cherehani kisivunjike njiani. Mama alimsomea daftari kuanzia ukurasa wa kwanza: baada ya chakula, zilizosalia mkebeni zilikuwa shilingi 4,350. Alizipokea zote, akauliza pia kuhusu ile sketi ya wiki ya kwanza, ambayo mama alikuwa amesahau kuiandika. Hakurudi kuishi Nakuru.

Jumatatu ya Pasaka tuliipeleka cherehani kituo cha mabasi kwa mkokoteni. Baba alitandaza magunia chini yake, kisha akasimama pembeni akimtazama kondakta aliyekuwa akiipandisha juu. Bobini zilikuwa sita. Tulizihesabu mara mbili kabla ya kuifunga droo kwa kamba.