Wasio na Motokaa Watengenezao Magurudumu Yake

Katika jimbo la Ohio, Marekani, iko wilaya ya vilima na mashamba iitwayo Holmes County. Humo wanakaa Waamishi kwa maelfu, watu wa dini ambao wazee wao walitoka Uswisi na Ujerumani. Hata leo kwato za farasi husikika barabarani, kwa maana kanisa lao halimruhusu Mwamishi kumiliki motokaa. Aweza kupanda ya jirani kwa nauli, lakini kuwa na yake, la.

Hata hivyo, mwenye motokaa ya kale iliyooza spoki zake za mti huenda akayapeleka magurudumu huko huko kwao. Jambo hili lina sababu. Zamani motokaa nyingi zilitembea juu ya magurudumu ya mti. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15, ilikuwa na spoki 12 katika gurudumu. Kisha viwanda vikageukia chuma, na mafundi wakapotea. Waamishi hawakupotea, kwa kuwa magari yao ya farasi yangali yakihitaji kazi hiyo.

Mti wenyewe ni hikori, mgumu tena wenye kunyumbuka, ambao Wamarekani hufanyia mipini ya shoka. Fundi huchagua vipande vikavu kabisa, ambavyo nyuzi zake zimenyooka toka ncha hata ncha. Upande wa nje wa spoki huchonga ulimi wa kuingia katika tundu la duara la chuma. Upande wa ndani huchonga kabari, ili zote zikikutana katikati zibanane kama mawe ya tao.

Hapa ndipo ulipo ustadi. Spoki za kipimo cha haki hazikubali kulala kwa mkono. Zikisha kupangwa, katikati huinuka kama paa la msonge. Fundi huzikandamiza kwa mashine, polepole, mpaka zilale sawasawa, ndipo afunge sahani za kitovu kwa bolti. Zikilala kwa wepesi, kazi ni mbovu; hana budi kuzitoa na kuanza upya.

Kila mkulima ajua kulowesha shoka lililolegea mpini. Wenye motokaa nao hulowesha magurudumu vivyo hivyo. Mti huvimba, gurudumu hukaza. Lakini ukikauka tena hulegea kuliko kwanza, na unyevu huleta uozo. Ni dawa ya siku mbili, tena ya hatari. Motokaa ikikata kona, uzito wake hulisukuma gurudumu kwa ubavu. Spoki iliyolegea kwanza hulia. Dereva asiyesikiliza aweza kuona gurudumu limevunjika vipande na ekseli inalima barabara.

Rangi nzuri huficha ufa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huinua gari kwa jeki, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu, kabla hajauliza bei.